Aliyenilimisha Usiku

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano pale Kitangari, wilaya ya Newala, nililala kanisani, tena benchi la mbele, la watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Katekista alipofika kwenye sala ya kuwaombea wagonjwa, mimi nikapiga kelele usingizini: "Mpige teke! La kichwa!"

Watu wakanyosha shingo. Hata mtoto mchanga aliyekuwa akilia alinyamaza anitazame.

Ukweli ulikuwa mfupi. Miaka hiyo biashara zilikuwa zimeachiwa huru, na pamoja na mitumba na sabuni za kunukia, kijijini likaingia banda la video lenye jenereta. Wiki nzima nilikuwa nikitoroka kitandani kwenda kutazama Wachina wakirushiana mateke. Lakini ukweli huo ulikuwa na fimbo ndani yake. Kwa hiyo bibi yangu, aliyenilea, aliponibana nje ya kanisa mbele ya akina mama, "Wewe, usiku unalala au hulali?", nikamjibu: "Usiku nalimishwa, Bibi."

Kwetu jibu hilo halihitaji maelezo. Mchawi anamchukua mtu usingizini, anamlimisha shamba lake mpaka alfajiri, kisha anamrudisha kitandani hana habari, ana uchovu tu.

"Nani anakulimisha?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Macho yakaniangukia kwa Mama Fidelisi, mjane jirani yetu, aliyekuwa akikung'uta vumbi kwenye kanga yake. Msimu ule mikorosho ya kila mtu ilipigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, ya kwake ikazaa mpaka matawi yakainama, kwa sababu yeye aliwahi kupulizia dawa ya salfa.

"Yule," nikasema.

Bibi, aliyesali rozari asubuhi na jioni, hakuona tabu kunipeleka kwa mganga mchana uleule. Nikachanjwa chale mgongoni, nikapakwa dawa nyeusi inayowasha kama pilipili, nikafungwa hirizi kiunoni. Nililia sana. Nadhani mimi ndiye mtoto pekee aliyewahi kutibiwa karate.

Ningecheka mpaka leo, kama si yale ya bombani. Kwetu maji ni ya shida, na ndoo ikijaa hujitwiki peke yako. Lazima mwenzako ashike upande wa pili. Hata waliogombana hutwikana. Jumatatu nilimwona Mama Fidelisi amesimama na ndoo yake imejaa, anatazama huku na huku, na kila mwanamke kapata shughuli ya ghafla: huyu anafunga upya kilemba, yule anamkemea mtoto ambaye hajafanya kosa. Mwisho akamwaga nusu ya maji, akajitwika yaliyobaki, akaenda zake. Ikawa hivyo wiki tatu.

Nami nikaanza kuuogopa uongo wangu mwenyewe. Jani likidondoka juu ya bati nilijua Mama Fidelisi anakuja, safari hii kweli, tena ana sababu. Banda la video nililisahau kabisa, na usingizi nao sikuupata. Nikazidi kuchoka, na kila aliyeniona alisema, "Mnaona? Bado anamlimisha."

Padri alipokuja kijijini kutusikiliza maungamo ya kwanza, nilikuwa na orodha nzuri tu: nimeiba sukari, nimemwita mwalimu kiboko. Nikaanza na sukari, nikaishia na kilio. Nikamwaga yote. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Yesu alikuwa anajua kabla hujapiga magoti. Alikuwa anakungoja tu useme." Akaniondolea dhambi.

Kila jambo duniani nina mzaha nalo, lakini la dakika ile sina. Nilipumua. Nadhani zile wiki tatu sikuwa nimepumua.

"Sasa," padri akaongeza, "dhambi umeiacha hapa, ila uongo wako bado uko bombani. Ufuate."

Usiku ule niliivua hirizi, nikalala kama gogo. Asubuhi nikaenda bombani. Foleni nzima ilikuwepo, Bibi akiwemo. Ile hofu ya wiki tatu haikuwemo. Iliyobaki ilikuwa hofu ya fimbo, na hiyo mtoto anaishi nayo.

"Mama Fidelisi, shikamoo," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Nilidanganya. Hujawahi kunilimisha. Nilikuwa natoroka kwenda video. Naomba unisamehe."

Tangu hapo nimelala Lilongwe, Maputo na Muscat, kwenye gesti za kunguni na hoteli za mazulia, na wenzangu wa safari hulalamika kwamba nikigusa mto tu nimeshaondoka. Wananiuliza natumia dawa gani. Huwa nawatania, lakini jibu ninalo. Aliyenilimisha zile wiki tatu nilikuwa mimi mwenyewe, na Yesu ndiye aliyenitoa shambani. Chale bado ninazo mgongoni, na kwa kweli nimezizoea.

Lakini asubuhi ile pale bombani, Bibi alishika mdomo. Mama Fidelisi alinitazama taratibu, kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti yangu membamba.

"Marahaba," akasema. "Hata ningekuwa mchawi, wanaume wote hawa wamejaa Newala, nihangaike kumlimisha mvivu kama wewe?"