Fourche Mupya ya Kinga Yangu

Muko na haki ya kunicheka. Tangu vita ifukuze makamyo njiani, mimi nabeba mawese kwa kinga, baiskeli yangu, Oicha mpaka Butembo, na mashimo inaua mikono. Pale Beni nikaona baiskeli yenye fourche ya amortisseur, ile uma ya mbele yenye kushika gurudumu, inashuka na kupanda yenyewe. Roho haikutulia tena. Kila usiku, kwenye kitanda, namuuliza bibi yangu Masika: nibadilishe, ao niache?

"Badilisha, tulale!"

Nikabadilisha. Fourche ya zamani nikamuachia shemeji yangu Paluku, huku namuhurumia. Lakini nilipofunga bidon ya kwanza ya mawese, kinga ikainama mbele. Ya pili, ikapiga magoti kabisa! Nikakimbia kwa soudeur, fundi wa kuchomelea chuma, akaisoude fourche yote, isitikisike tena. Sikuambia mutu.

Jumapili, inje ya kanisa, nikawaelezea batu namna fourche yangu inaruka vizuri. Paluku akashika guidon, ile usukani, akaikandamiza kwa nguvu yake yote. Hapana kitu. Akainama, akapitisha kidole kwenye soudure.

"Shemeji," akauliza mbele ya kwaya nzima, "hii inapita ile yangu kwa kitu gani?"

Masika, mwenye alinisaidia kuisukuma kwenye mulima ya Bulengera, ndiye alijibu:

"Kwa uzito."