Mishale Thelathini na Mmoja Mpaka Matombo

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliishia darasa la nne, nikapunguzwa kazi kiwandani wiki ileile niliyooa, na enzi ya ruksa ilipoingia, kila mtu akaruhusiwa biashara yake, nikaanza na pampu moja na spana mbili chini ya turubai, Kihonda. Miaka sita baadaye nilikuwa na baiskeli ishirini za mtumba, zote za gia, na wenye digrii zao walikuja kuniuliza gia inabadilishwaje. Nikajua basi, yote nimeshayaona.

Wazo nilipewa na mama mmoja wa Ulaya aliyekodi baiskeli kwangu. Kwao, alisema, watu huendesha siku tatu, nne, kwa starehe tu, wala hawaulizi njia: kila njia panda ina kibao chenye mshale na namba. Nikamwambia, hata Morogoro kitakuwepo.

Nikaipanga njia yangu: Kihonda, Kingolwira, kisha Mkuyuni, kilima kwa kilima mpaka Matombo nilikozaliwa. Vibao thelathini na kimoja. Mbao nilipasua mwenyewe, mishale nikaipaka mwenyewe, nyekundu ya kuwaka, na namba chini yake. Kwa siku nne nikavichimbia vyote. Ruhusa sikuomba. Nimwombe nani, barabara ni ya serikali?

Mwenye hoteli mmoja mjini alikuwa anatarajia wageni wanane Jumamosi. Nikamwahidi watafika Matombo bila mtu wa kuwaongoza, na wakifika, wageni wake wote tangu siku hiyo watapanda baiskeli zangu.

"Na akipotea hata mmoja," akasema, "utawakodishia wauza mkaa mpaka uzeeke."

Alhamisi nikapita kukagua. Mpaka kibao cha kumi na mbili, safi. Kuanzia Mkuyuni, mashimo matupu. Cha kumi na tatu nilikikuta kimeziba mlango wa zizi la mbuzi, na bibi mwenye zizi kakaa pembeni anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye rangi?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Nyumba yangu unaivunja lini?"

Hapo nilishangaa, nakiri. Nyekundu na namba! Kihonda kwetu nyumba za kando ya barabara zilipakwa hivyohivyo kabla ya kubomolewa, nami nilizipita kila siku. Huku mlimani watu wote walishaamini ardhi yao inapimwa auziwe tajiri.

Nikamweleza kuwa mshale ni wa kuwaonyesha wazungu njia, wapite na baiskeli.

"Wanakwenda kuuza nini?"

"Hawauzi, bibi. Wanatembea tu."

"Wapande mlima huu kwa baiskeli, na nyuma hawana hata mkungu wa ndizi?" Akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Kisha akaniuliza mama yangu wa ukoo gani. Nilipoutaja, kicheko kikakatika. "Kumbe mtoto wetu! Mtoto wetu ndiye anayechimba ardhi ya mama zake bila hodi?"

Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikapiga magoti palepale juu ya maganda ya mihogo. Akanitoza faini ya jogoo, akataka vibao vipakwe rangi ya ndizi mbivu, na kila nyumba ichimbie chake yenyewe. Halafu akasimama, akapaza sauti bondeni, na bonde likamjibu. Ijumaa jioni vyote kumi na tisa vilikuwa vimesimama, vya njano, na vimenyooka kuliko nilivyovisimamisha mimi.

Jumamosi nilisubiri Matombo, mbele ya misheni. Mwenye hoteli alikaa ndani ya gari lake anatazama saa. Kengele ya jioni haijalia, wakatokea. Mmoja, wawili, watano. Nikawahesabu kwa sauti ili asikie. Wanane! Chini ya kila kibao akina mama walikuwa wametandaza machungwa, mdalasini na ndizi, kwa hiyo hata asiyejua mshale asingeweza kupotea. Wa mwisho alikuwa amefunga mkungu mzima nyuma ya baiskeli.

"Mzee, umeniweza," mwenye hoteli akasema.

"Mzee nani? Niite mkurugenzi."

Na bado watu hudhani mambo haya ni ya wenye mitaji. Vibao na nyekundu ile sihesabu, vilikuwa mabaki ya karakana. Rangi ya njano, misumari na jogoo mweupe, maana mwekundu bibi alimkataa: shilingi elfu ishirini na saba, mia nne na hamsini.