Nilivyocheza na Gunia la Chakula cha Ng'ombe

Mimi huuza mbegu na dawa za mifugo hapa Mwatate. Nilihamia kutoka Taveta, na tangu nifike sina wa kupiga naye stori ila wanamuziki walio ndani ya simu yangu. Ni bendi ya ng'ambo, na mimi nazipenda nyimbo zao za mwanzo tu, kabla hawajapata pesa wakaanza kuimba polepole. Magitaa mawili yanagombana kama mawifi jikoni, ngoma inayasukuma kwa nyuma, na miguu haikuombi ruhusa. Nilimsikilizisha Mghoi, mwenzangu wa kaunta, akauliza kama simu imeharibika. Basi husikiliza peke yangu, na vispika masikioni.

Jana mama mmoja wa Ronge alitaka gunia la chakula cha ng'ombe.

"Ngoja nikuletee, mama," nikamwambia, nikaingia stoo.

Wimbo ukafika pale magitaa yanapochachamaa. Nikalikumbatia lile gunia, nikalizungusha, nikaliinamisha kama bibi harusi. Nilisahau kabisa kwamba mdosi, mwenye duka, ameweka kamera humo stoo, na skrini yake ameigeuzia wateja ili wezi waogope.

Nilipotoka na gunia begani, duka zima lilikuwa limekodoa macho kwenye skrini. Yule mama akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "tumekuona tangu mwanzo, na muziki hatukusikia. Ulikuwa unacheza na nani?"