Kabali Juu ya Magodoro ya Baba

Enzi zetu, mtoto wa Kariakoo aliijua kabali kabla hajajua kugawanya kwa njia ndefu. Tuliijua kwa kusimuliwa tu. Vibaka wa mjini waliiita roba: mkono unatoka nyuma, unazunguka shingo, ukizinduka huna viatu. Basi fikiria mshtuko wa mama zetu waliposikia kuna mtu mzima anawafundisha watoto jambo hilohilo, mchana kweupe, tena bure.

Mtu huyo alikuwa Anko Seif, jirani yetu Mtaa wa Narung'ombe. Alikuwa baharia. Huko melini mpishi mmoja wa Kibrazili alimfundisha jiu-jitsu, naye akarudi Bongo na begi moja na masikio yaliyovimba kama maandazi yaliyozidi hamira. Alisema ule si mchezo wa ngumi. Unamlaza mtu chini, unambana mpaka akubali yaishe. Alichokosa ni mahali laini pa kulazana. Na mimi, binti wa darasa la tano, baba yangu aliuza magodoro ya jumla.

Baba alitoka Kilimanjaro, mtaa mzima ukimwita Mangi, na msemo wake ulikuwa mmoja: "Godoro ni la kuuza, si la kulalia." Hakutania. Nyumbani tulilalia kitu chembamba kama chapati ya jana. Lakini kila Jumamosi alikwenda kwenye kikao cha watu wa kwao, na akishapotea tu, mimi na wenzangu tulishusha magodoro manne uani, yakiwa bado kwenye nailoni. Jua la Dar, jasho na ile nailoni! Ukimshika mtu anateleza kama kambale. Ua mzima ulinuka sponji mpya na mihogo ya kukaanga ya jirani.

Tulijifunza kabali, kisha kukunja kiwiko: unaubana mkono wa mwenzio katikati ya mapaja, unainua kiuno kidogo, mwenyewe analia. Ila somo ambalo Anko Seif hakuchoka kulirudia ni kugonga. "Ukizidiwa, gonga godoro mara mbili. Mwenzio akigonga, achia hapohapo. Usipoachia, wewe si mchezaji, ni kibaka."

Mimi nilikuwa na kiburi, sikugonga. Nikatembea wiki nzima shingo upande, nikamdanganya mama kwamba nimelala vibaya. Mama akamgeukia baba: "Mangi, unalaza mji mzima, mwanao anapinda shingo!"

Halafu Jumamosi moja kikao kikaahirishwa. Baba akarudi mapema na mteja, mama mmoja mfanyabiashara kutoka Lindi, akanikuta nimemlalia rafiki yangu Rehema juu ya godoro la inchi sita.

"Aisee, Seif! Magodoro yangu!"

"Samahani, Mangi. Nawafundisha watoto kujikinga."

"Kujikinga na nani? Na mimi?" Akanigeukia. Nilidhani nitachapwa. Badala yake akavua koti, akakaa juu ya godoro na kunipa mgongo. Shingo yake ilikuwa nene kama kinu. "Haya. Nioneshe hicho ulichofundishwa. Kikiwa upuuzi, mchezo umekwisha leo. Kaba."

Nisipokaba, darasa limekufa. Nikikaba, nimemkaba baba yangu mzazi mbele ya mteja. Nikapiga magoti nyuma yake, nikasema, "Shikamoo, baba," sijui kwa nini, nikapitisha mkono.

"Marahaba. Unaona, Seif? Haka kamkono hata..." Nikabana. "Hata haka... haka..." Sauti ikasinyaa kama redio inayoishiwa betri.

"Baba, gonga!"

"Si... gongi."

"Gonga, Mangi!" yule mama wa Lindi akapiga kelele. "Utakufa na mzigo wangu hujanipa!"

Kiganja cha baba kikatua: pa, pa. Nikaachia hapohapo.

Akakaa akihema, macho mekundu. Yule mama akainama, akabonyeza godoro kwa kidole. "Hili ndilo mlilobingirikia? Mbona halijabonyea?"

Baba akafufuka. "Hilo, mama? Alale hata tembo!"

Akauza yote manne. Jioni, akiwa anafunga duka, aliniita bila kunitazama usoni. "Jumamosi ijayo uvae suruali. Na mkichana nailoni, nitawakaba mimi."

Leo pale uani pamesimama ghorofa la maduka. Mwanangu anajifunza mchezo huohuo Upanga, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, na nguo zake nyeupe zinafuliwa kwa sabuni ya manukato. Akianguka, kwanza anauliza kama simu imerekodi. Sitamsema sana, ananizidi ufundi. Juzi alinikunja kiwiko sebuleni, nikagonga upesi, kiburi pembeni. Tukiwa bado tumelala zuliani nikamuuliza, yule unayebanana naye kila wiki anaitwa nani?

"Yule wa mkanda wa njano," akasema.

Kwao wapi? Hajui.

Sisi tulijuana kwa pumzi. Ukimbana mwenzio ulijua kwao leo wamekula dagaa, au ndizi, au hawajala kitu. Na ambaye hakula, siku hiyo alishinda kila pambano. Tuligonga mmoja baada ya mwingine, pa, pa, kabla hata hajabana, wala hakuna aliyetuambia tufanye hivyo.