Mama Mmoja, Mtoto Mmoja

Mpira wa kikapu ukidundwa kwenye saruji iliyopasuka hautoi mlio mmoja. Penye saruji nzima unalia vizuri, penye ufa unatoa sauti ya mtu anayekohoa. Mlio huo niliusikia kupitia ukuta wa chumba chetu cha kupanga, Ukonga, kabla sijauona uwanja wenyewe, na kwa muda mrefu nilidhani ni jirani anayetwanga kisamvu. Tulikuwa tumetoka Tukuyu, Mbeya, mimi na mama. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na uhamisho wake ulikuja ghafla. Baba na kaka zangu walibaki kuangalia migomba na ng'ombe, nami kwa kuwa nilikuwa kitinda mimba, nikachukuliwa pamoja na masufuria. Nilitoka penye ukungu na mvua nikaja penye jua linalochoma hadi kivulini na mchanga unaoingia mpaka kwenye chumvi. Siku ya kwanza darasani nilisimama kujitambulisha, na lafudhi yangu ikawachekesha wenzangu hadi mwalimu naye akashindwa kujizuia. Nikaketi, nikafunga mdomo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ule sikuufungua tena mbele ya watoto wa darasa langu.

Mama alifundisha asubuhi, na mchana alibaki kuwasomesha twisheni watoto wa darasa la saba hadi jua linakaribia kuzama. Mimi nilirudi nyumbani na ufunguo shingoni, nikala kiporo, nikakaa na redio. Nilikuwa mpweke. Leo nasema hivyo bila aibu, lakini wakati ule sikuwa na neno lake. Nilidhani ni njaa, nikala, na haikuisha. Wajomba zangu walipopiga simu walimtania mama, "Mmehamia Ukonga? Mmefungwa kwa kosa gani?" Mama alicheka hadi akafuta machozi, maana kila Mtanzania akisikia Ukonga anakumbuka gereza. Mie sikuona kichekesho chake. Nilikuwa nakaa ndani, mlango umefungwa, nasikiliza watu wengine wakicheza upande wa pili wa ukuta, na sikujua hata mmoja wao anaitwa nani.

Uwanja ule ulikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa. Wakazi walichanga mifuko ya saruji, fundi wa kuchomelea akatengeneza ringi mbili, moja imeinama kidogo mbele kama inayochungulia, na kila kiangazi kulikuwa na ligi ya mtaa kwa mtaa, wanaume siku yao na wanawake siku yao. Ligi ya wanawake ilikuwa na kanuni ambayo sijaikuta popote tena. Inasemekana mwanzoni timu zilikuwa zinaleta mamluki, wanafunzi warefu wa chuo kutoka hosteli za Mabibo, wanashinda kila kitu halafu wanaondoka bila hata kunywa maji na wenyeji. Wazee wa mtaa wakakataa. Wakaamua kwamba katika wachezaji watano wa kila timu, muda wote wa mchezo lazima awemo mama mmoja aliyevuka miaka arobaini na mtoto mmoja ambaye hajamaliza darasa la saba. Mama mmoja, mtoto mmoja. Timu isiyokuwa nao haiingii uwanjani, na wapinzani wanapewa ushindi wa mezani. Ndiyo maana kila timu ilimtunza mtoto wake kama mboni ya jicho, na ndiyo maana siku moja, nikitoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, dada mmoja alinisimamisha njiani bila hata salamu.

"Wewe, uko darasa la ngapi?"

"La sita. Shikamoo dada."

"Marahaba. Jamani, mtoto tumepata!" Aliwageukia wenzake waliokuwa barazani, kisha akanirudia. "Jumamosi saa kumi njoo uwanjani. Vaa raba. Mama yako nitaongea naye mie."

Huyo alikuwa dada Neema, msusi, nahodha wa timu ya mtaa wetu. Mtoto wao wa zamani alikuwa amehamia Mbagala na wazazi wake, na timu ilikuwa inahangaika kama mama mwenye sherehe aliyekosa sufuria. Jina langu hakuniuliza. Mama alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Alisema bora nikae na watu kuliko kukaa na redio. Jumamosi nikaenda, nikawasalimia wachezaji wote mmoja mmoja huku nimepiga goti kama tulivyofundishwa kwetu, hadi Mama Kulwa, ambaye ndiye alikuwa mama wetu wa kanuni, mnene, mcheshi, mwenye pumzi fupi, akashika kiuno na kucheka: "Mwanangu, ukimaliza kutuamkia sote mechi itakuwa imeisha." Wote wakacheka, nami nikacheka kidogo, na usiku ule nilipata usingizi mzuri. Nilidhani nimepata watu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililopewa lilikuwa kona. Dada Neema alinishika mabega, akanisimamisha pembeni kabisa, pale mstari wa nyuma unapokutana na wa pembeni, akasema, "Simama hapa. Usiondoke, usimsumbue mtu." Nikasimama. Mchezo ulipita mbele yangu kama msafara wa harusi ya watu wengine. Mpira ulikuja upande wangu, ukarudi. Macho ya wenzangu yalinifikia, yakapita. Waliponiita waliniita Mtoto. "Mtoto yupo? Haya tuanze." Haikunichukua muda kuelewa kwamba walinihitaji lakini hawakunitaka, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Tulikuwa tunashinda, watu wanashangilia, wenzangu wanakumbatiana katikati ya uwanja, na mimi nakimbia kutoka kona yangu kuwafikia, nafika wakati wameshaachiana. Kuwa peke yako chumbani kunauma. Kuwa peke yako katikati ya watu waliovaa jezi ya rangi moja na yako kunauma zaidi, kwa sababu huna hata wa kumlaumu.

Lakini kona ile nikaizoea. Mchana, watu wakiwa makazini na jua limewafukuza wengine wote, nilipita saluni kwa dada Neema kuazima mpira. Alinionyesha kwa kidevu ulipo, mikono yake ikiwa kwenye nywele za mteja, na nikaenda kurusha peke yangu. Sikuwa najua kudunda wala kukaba. Nilijua kurusha tu, na kutoka sehemu moja tu, ile niliyosimamishwa ili nisisumbue. Nilijifunza kwamba ringi yetu iliyoinama inapokea mpira unaoshuka taratibu na kuukataa unaokuja kwa hasira. Nikikosa, nilifuata mpira mwenyewe. Nikifunga, nilifuata mpira mwenyewe. Ilifika mahali nikawa nafunga mara nyingi kuliko nilivyokosa, na hakuna aliyejua. Nilikitaka kitu kimoja tu msimu ule, nikakiomba hadi kwenye sala za jioni: mtu mmoja anirushie mpira kwa kupenda kwake.

Siku hiyo ikaja kwenye nusu fainali. Wapinzani wetu walikuwa mtaa wa pili, na mama wao wa kanuni alikuwa Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, mwenyeji wa mji huu tangu babu zake. Alicheza na suruali pana, gauni refu juu yake na mtandio alioukaza kwa pini, na alikuwa mwepesi kuliko wasichana wengi. Uwanja ulijaa. Zikiwa zimebaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na dada Neema alikuwa na mpira, amebanwa na wawili. Akatafuta kulia, hakuna mtu. Akatafuta nyuma, hakuna mtu. Nilimwona anavyoniona. Sijui kama alipenda au alikosa pa kutupa, lakini aliutupa kwangu, na ukanifikia kifuani, mzito na wa moto. Nikauinua. Bi Mwanaidi akatoka mbio kuja kunizuia, akakanyaga mchanga uliokuwa umepeperushwa hadi kwenye saruji, miguu ikamponyoka, akaanguka kwa magoti na mikono. Pini ikafyatuka. Mtandio ukamdondoka chini na nywele zake zikabaki wazi, za mvi, zimesukwa mabutu, mbele ya umati wa wanaume waliokuwa wamepanga mstari ukutani.

Nikauweka mpira chini. Sikuutupa, sikuudondosha, niliuweka, kama mtu anavyoweka ndoo ili apishe mkubwa. Nikasema, "Pole mama," nikapiga goti, nikauokota mtandio nikamfunika kichwa, nikasimama kati yake na wale wanaume mpaka alipomaliza kuukaza. Mwamuzi alieleza baadaye kwamba alikuwa anasubiri nirushe ndipo asimamishe mchezo, maana alinionea huruma. Msichana wa timu yao aliuchukua mpira pale chini kama aliyeuokota sokoni. Filimbi ya mwisho ikalia. Watu wengine walicheka, na Bi Mwanaidi alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Ahsante, mwanangu." Kisha dada Neema akafika, jasho na machozi vimechanganyika.

"Ungerusha kwanza! Mbona hukurusha kwanza, halafu ndiyo umwinue?"

Asiyekubali kushindwa si mshindani, Mama Kulwa alimwambia, lakini hata yeye hakunitazama. Nilirudi nyumbani peke yangu, raba mkononi. Mama alikuwa anasahihisha madaftari. Nilipomsimulia aliweka kalamu nyekundu chini, akanitazama kwa fahari ambayo sikuwa nimeiona tangu tuondoke kwetu. "Umefanya vizuri sana," alisema. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kisha akairudia kalamu yake. Nilitaka kulia. Sikutaka kusifiwa adabu; nilitaka aniulize mpira ule ulikuwaje mkononi, ulikuwa mzito au mwepesi, na kama ningerusha ungeingia. Ungeingia. Alikuwa hajaja kutazama mchezo hata mmoja, na nilijua hatauliza.

Wiki ile sikwenda uwanjani wala saluni. Nilikaa na redio. Jumamosi, kukiwa na mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, nilivaa gauni la nyumbani nikaanza kuchambua mchele, nikiwa na hakika kwamba sina tena mahali pa kwenda. Hodi ikapigwa kama inayopigwa na askari. Mama alipofungua, timu nzima ilikuwa mlangoni, imevaa jezi, Mama Kulwa ameshika fremu ya mlango anatafuta pumzi, na majirani wametoka kuangalia kuna nini.

"Shikamoo mwalimu," dada Neema alisema, kisha akanigeukia. Alikuwa ameshika jezi yangu, imefuliwa na kupigwa pasi. "Mie sina maneno mengi. Mechi saa kumi. Bila wewe hatuingii. Vaa twende."

Nilijua vizuri sana kilichowaleta. Ilikuwa kanuni, ilikuwa hofu ya ushindi wa mezani, na sikujidanganya hata kidogo. Lakini walikuwa wametembea kwenye jua lile, wakauliza nyumba kwa nyumba mwalimu wa kutoka Mbeya anakaa wapi, wakaingia chumbani kwetu, wakakaa kwenye mkeka na kitandani kunisubiri nifunge kamba za raba. Mama Kulwa alimaliza kuuchambua mchele. Tulifungwa tena siku ile, na safari hii wala haikuwa kwa sababu yangu. Mwaka uliofuata nilimaliza darasa la saba, nikaacha kuwa mtoto wa kanuni, timu ikampata mwingine, na hakuna aliyekuja tena. Sikuwalaumu. Ukonga nikaiacha nilipokwenda sekondari ya bweni.

Sasa nakaa Kinondoni, peke yangu, na kila Jumamosi asubuhi nacheza kwenye ligi ya burudani ya watu wazima. Uwanja ni laini, umepakwa rangi, hauna ufa hata mmoja, na ringi zake zimenyooka. Jezi yangu ina jina langu mgongoni. Pasi napewa, tena nyingi, maana inajulikana kwamba nikiwa kona sikosi. Wenzangu wananigongea viganja, wananiita bingwa. Mtu akianguka, mchezo unaendelea hadi filimbi, kisha anainuliwa vizuri tu, na mchezo ukiisha kila mmoja anaingia kwenye gari lake. Ni watu wema. Sijui hata mmoja wao anakaa nyumba gani, nao hawajui yangu.

Mwezi uliopita nilishikwa na homa kali, nikakosa Jumamosi, nikakosa na iliyofuata. Nikiwa kitandani, bakuli la uji limepoa pembeni, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye grupu letu la timu: "Wadau, kuna nafasi moja imepatikana kesho. Nani anaitaka?" Nafasi yenyewe ilikuwa yangu. Kabla sijaiweka simu chini, nafasi ilikuwa imeshapata mtu, na wengine wamemtumia picha za makofi. Nikavuta shuka hadi kidevuni. Halafu, mtu mzima mimi, nikajikuta nimegeukia mlango, nimetulia kabisa, nasikiliza kama kuna atakayebisha hodi.