Mashine Iliyolazwa China

Juzi nilifuata tochi katika duka la vifaa pale Katesh. Mbele yangu alisimama mama mmoja mkamua alizeti, karudi majuzi kutoka China alikokwenda kukagua mashine ya kukamulia. Mzee mmoja mfugaji wa Balangdalalu, aliyekuwa pale kaunta, aliitikia shikamoo yake, kisha akamuuliza:

"Ulijuaje kama mashine ni nzima?"

"Kiwandani zote zilikuwa zinanguruma vizuri, baba. Mafuta yanatoka, wenyeji wanatabasamu. Mimi nikazima swichi, alizeti ikiwa imejaa ndani." Akabonyeza kaunta kwa kidole gumba. "Wakashtuka. Nikawaambia kwetu umeme hukatika bila kuaga. Tusubiri kidogo, halafu tuwashe bila kutoa hata punje."

"Ikawaje?"

"Ya kwanza ilitoa harufu ya kuungua, ikagoma. Ya pili ilitetemeka, ikakohoa, ikaendelea na kazi. Nikachagua hiyo."

Mzee akacheka taratibu, akagonga fimbo sakafuni. "Kumbe uliilaza."

"Niliilaza, baba."

Kwa wafugaji wa huku, ng'ombe hasifiwi akiwa amesimama. Analazwa kwanza, mnunuzi aone anavyoinuka. Mama huyu alivuka bahari na somo la zizini, akawakagulia watu kiwanda kizima.

Mama alipoondoka, zamu yangu ikafika. Muuzaji akaiwasha tochi, ikamulika hadi darini. Nikamwomba niiangushe kwanza sakafuni.

Akanitazama, akaizima, akairudisha kabatini.