Moshi wa Pilipili Jikoni Kathonzweni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwiko mrefu kunishinda. Ilikuwa shule ya bweni karibu na Kathonzweni, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mpishi mkuu, Mama Kioko, alinipa uji nionje, nikasema haujaiva. "Basi wewe utakaa karibu nami," akasema. Nyinyi mnaowasha gesi kwa kidole hamjui: siku hizo mpishi alipimwa kwa ulimi. Asiyeweza kuonja alirudi kwao.

Tangu hapo kila sufuria aliniita. "Ndunge, bado?" Nikisema bado, anaongeza chumvi. Yeye mwenyewe haonji. Mimi mjinga nikaona ni heshima.

Mwaka wa pili mvua ya Novemba ilinyesha vizuri, jambo ambalo Ukambani huwezi kulizoea, na bustani ya shule ikatoa pilipili kali gunia baada ya gunia. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Hata moja isioze," akasema. "Mvua kama hii hamjui itarudi lini." Nyingine tukazitia kwenye chupa na chumvi na ndimu, achari, jinsi mke wa mwenye duka Mwislamu pale sokoni alivyotufundisha. Nyingine tukazitia kwenye isyo, yaani mahindi na maharagwe, mpaka wanafunzi wakatulalamikia. Zilizobaki, na ndizo zilizokuwa nyingi, tukazitandaza kwenye uchaga, ile dari ya fito juu ya moto, zikauke kwa moshi ndipo tuzitwange.

Wazee husema pilipili usiyoila yakuwashiani. Hizi zilituwasha kabla hatujazila. Chache zilidondoka kwenye makaa, moshi ukajaa, tukatoka mbio tukigongana mlangoni. Tulipomaliza kukohoa, Mutisya, mpishi wa nyama, akatazama huku na huku. "Mama Kioko yuko wapi?"

Nilichungulia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya moshi, anageuza pilipili polepole, macho makavu, kifua kimetulia. "Mbona mmetoka?" akauliza. Sioni haya kusema nilimwogopa.

Kufikia Jumapili neno lilikuwa limefika kanisani. Mutisya alisema binadamu hawezi moshi ule, yule ni mchawi. Wapishi wakakataa kula alichopika, kisha wazazi wakaanza kuja. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. "Wewe ndiwe unayefanya naye kazi. Kama kuna sababu, niambie kabla ya Ijumaa. La sivyo ataenda, na huko kijijini sijui watamfanya nini." Alijua. Sote tulijua yaliyowapata wengine walioitwa hivyo.

Nikamwuliza Mama Kioko. Alinijibu bila kunitazama. "Tangu nimzike mwanangu Kioko, sisikii harufu wala ladha. Moshi unapita tu. Ukiwaambia hivyo, watasema mimi si mpishi tena, na nina wengine watatu wa kulisha."

Nisiposema, ni mchawi. Nikisema, hana kazi. Nilikasirika na kila mtu, hata na mvua yenyewe.

Asubuhi iliyofuata niliketi kando yake. Moshi wa pilipili ulipojaa tena na wenzetu wakakimbia, nikabaki. Niliuma pindo la leso, machozi yakinimwagika, kifua kinawaka. Mutisya alinikodolea macho kutoka mlangoni. "Ni mazoea tu," nikamwambia, nikimeza kikohozi. "Wewe ni mwoga." Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Mwalimu Mkuu alikuja kutazama, pua ameifunika kwa kitambaa, akatukuta wanawake wawili tumetulia na pilipili zetu. Akacheka. Alitoka akawaambia watu kwamba hapo hakuna uchawi, kuna wapishi wasiodeka. Maneno yakaisha, na Mama Kioko alifanya kazi mpaka akastaafu kwa heshima.

Lakini siku hiyo ya tatu mimi sikumeza kikohozi. Nilikingoja, nikakingoja, hakikuja. Moshi uliingia ukatoka kana kwamba ndani yangu hakuna mtu. Mama Kioko aliniona. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi ingawa tulikuwa motoni. "Pole, mwanangu," akasema.

Baadaye nilihamishiwa Mutomo, kisha Kalamba nikiwa mpishi mkuu. Nilipika kwa vipimo, si kwa ulimi: kikombe cha chumvi, kiganja cha pilipili, saa ya ukutani. Sikupata msichana wa kuniambia "bado", na sikutafuta. Nilihofia angeketi karibu nami.

Miaka ya tisini nilistaafu. Siku ya kuniaga, wapishi vijana walipika isyo kwa vipimo vyangu, wakisema hakuna iliyo tamu kama hiyo Makueni nzima. Wakanipa sahani ya kwanza, wakasimama mbele yangu. Nikatafuna, nikameza. Nikasema ni tamu, kwa sababu walikuwa wananitazama.